Rangi ya Ndege Ina Tarehe Yake

Kwenye gereji moja pale Unga Limited, Arusha, niliona Land Cruiser ya watalii iliyobadilishwa mlango. Fundi rangi alikuwa amesoma namba ya rangi kwenye kibati cha kiwandani, akaenda nayo dukani, akachanganyiwa rangi ile ile, akapuliza makoti matatu na kupiga polishi. Kazi safi kabisa. Lakini ukisimama hatua kumi kutoka kwenye gari, saa nne asubuhi, mlango una rangi yake na gari lina rangi yake. Fundi hakukosea, na namba haikukosea. Gari limekula jua la Serengeti na vumbi la Manyara kwa miaka mingi, mlango una wiki moja.

Mimi huunda modeli za ndege za kivita, na tangu siku ile nimekuwa nikiutumia mlango ule kuwaeleza vijana wanaoanza kazi hii. Karibu wote huja na swali moja: "Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita ya Pili, ilikuwa rangi gani?" Hilo ni sawa na kuuliza gari la watalii lina rangi gani. Swali linalojibika ni jembamba zaidi: ndege hii, yenye namba hii, mahali hapa, mwezi huu, ilikuwaje? Ukishaipata ndege moja na siku moja, utafiti unaanza kuwa na kichwa na miguu. Kabla ya hapo unabishana na hewa.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazowachanganya wengi.

Marekani walitoa mwaka 1956 orodha ya rangi za serikali iitwayo Federal Standard 595, na tangu 2017 orodha hiyo imeendelea kwa jina la AMS-STD-595. Kila rangi ina tarakimu tano. Ya kwanza inaeleza mng'ao: 1 inang'aa, 2 ina nusu mng'ao, 3 haing'ai. Ya pili ni ukoo wa rangi: 0 kahawia, 1 nyekundu, 2 chungwa, 3 njano, 4 kijani, 5 buluu, 6 kijivu, 7 nyinginezo kama nyeusi na nyeupe, na 8 zile kali zinazowaka kama vizibao vya mafundi wa barabara. Tatu za mwisho ni nafasi ndani ya ukoo, takriban kutoka iliyokolea kwenda iliyopauka. Kwa hiyo ukikutana na 36375, hata kabla ya kuiona umeshajua kwamba ni kijivu kisichong'aa. Ndege nyingi za jeshi la anga la Marekani zilizopigana Vietnam zilipakwa juu 34079, 34102 na 30219, na chini 36622. Ukizisoma unapata kijani mbili, kahawia ya mchanga, na kijivu cheupe tumboni, zote bila mng'ao. Inapendeza sana kuweza kuisoma ndege kwa tarakimu.

Ila angalia ule mwaka: 1956. Ndege ya Vita Kuu ya Pili haikuwahi kupakwa rangi ya FS 595, kwa sababu orodha yenyewe haikuwapo. Mtu akikuambia kijani ya ndege ya Uingereza ya mwaka 1940 ni FS namba fulani, maana yake kuna aliyechukua kipande cha rangi ya kale, au nakala yake, akatafuta jirani wa karibu kwenye orodha ya Marekani. Halafu kiwanda cha rangi za modeli kikatafuta jirani wa huyo jirani kwenye vichupa vyake. Maelekezo ndani ya boksi yanakuletea mjukuu wa rangi, na mjukuu anaweza kufanana na babu au asifanane. Nenda kwenye mfumo wa nchi na wa enzi ile kwanza: Waingereza walikuwa na majina ya rangi ya wizara yao ya anga, na Wajerumani walikuwa na namba za RLM, yaani wizara yao ya usafiri wa anga, kama 65 kwa buluu hafifu ya tumboni na 70 na 71 kwa kijani za juu. RLM msiichanganye na RAL. RAL ni mfumo mwingine wa Kijerumani, ulioanza 1927, na ndio unaoukuta leo kwenye milango ya chuma na mabati.

Amri na kopo

Hata mfumo sahihi unakupa tu kilichoamriwa. Kuna safari kati ya amri na ndege, na katikati ya safari hiyo kuna stoo iliyoishiwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Juni 1940. Jeshi la anga la Uingereza liliamuru matumbo ya ndege zake za kivita yapakwe rangi iliyoitwa Sky, kijani ya majimaji yenye umanjano kidogo. Maelezo mengine yakaiita buluu ya yai la bata. Ufaransa ilikuwa inaanguka mwezi ule ule, ndege zilihitajika angani, na rangi mpya haikutosha kwa wote. Vikosi vingine vikachanganya vyenyewe kwa kukisia, vikapata buluu, vikapata kijani, kila kikosi na yai lake la bata. Kwa hiyo modeli mbili za ndege za kiangazi kile zinaweza kutofautiana tumboni na zote zikawa sahihi.

Mwaka uliofuata, Agosti 1941, kahawia iliyokuwa juu ya ndege hizo iliondolewa ikawekwa kijivu kilichoitwa Ocean Grey. Kopo zake nazo zilichelewa. Safari hii wakubwa walitoa kipimo: sehemu saba za kijivu cha kati, sehemu moja ya nyeusi, koroga, paka. Kipimo cha namna hiyo kwangu kina thamani kuliko kadi yoyote ya rangi ya siku hizi, kwa sababu unaweza kukirudia mezani kwako na kuona kilitoa nini. Kila unapokuta kumbukumbu inayosema nini kilichanganywa na nini, ishike kwa mikono miwili.

Picha nyeusi na nyeupe inasema zaidi ya tunavyodhani, na inadanganya pia

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa nataka twende taratibu.

Filamu nyingi za Vita Kuu ya Kwanza, na baadhi ya zile za Vita ya Pili, ziliitwa othokromatiki. Filamu hiyo haiioni nyekundu, njano inaiona kwa shida, na buluu inaiona kupita kiasi. Kwa hiyo kwenye picha nyekundu huwa karibu nyeusi, njano hukolea giza, na buluu hupauka ikakaribia nyeupe. Mtu anayeitazama picha hiyo kwa macho ya leo ataona mzunguko mweusi pembeni mwa alama ya ndege ya Uingereza ya mwaka 1940 na kudhani ni buluu. Ni njano. Filamu nyingine, pankromatiki, huziona rangi zote, na kwenye hiyo njano huwa nyeupe-nyeupe kama unavyotarajia.

Utajuaje umeshika filamu ipi? Tafuta kwenye picha kitu ambacho rangi yake haina ubishi: bendera, au alama ya taifa yenyewe. Linganisha nyekundu na buluu. Kama nyekundu ni nyeusi tii na buluu imefifia, umeshika othokromatiki, na sasa unaweza kuisoma picha yote kwa kanuni hiyo.

Tuipeleke kanuni hii kwenye jambo lililotokea hapa kwetu. Ukitoka Moshi kuelekea mashariki, ukavuka mpaka Holili, ukapita Taveta kwenda njia ya Voi, utafika Mbuyuni. Si soko letu la Mbuyuni la Moshi mjini, ni Mbuyuni ya upande wa Kenya. Mwanzoni mwa 1916 kulikuwa na uwanja wa ndege za kivita pale. Kikosi namba 26 cha ndege za jeshi la nchi kavu la Uingereza, chenye watu wengi wa Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwishoni mwa Januari mwaka ule na kuanza kuruka kutoka Mbuyuni kwa ndege za BE2c na Henri Farman. Katikati ya Machi majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Moshi. Ndege zile ziliruka juu ya vilima na mbuga hizi hizi, Kilimanjaro ukiwa pembeni ya bawa, na kwa nini mtoto wa Moshi aunde ndege ya Ulaya kabla ya hii, mimi sijui.

Basi, BE2c ya Mbuyuni ilikuwa rangi gani? Vitabu vya jumla vitakuambia ndege za Uingereza za vita ile zilipakwa rangi iliyoitwa PC10. Lakini PC10 ilianza kutumika mwaka 1916 wenyewe, na ndege zilizoshuka Mombasa Januari zilikuwa zimeshatoka kiwandani na kuvuka bahari. Tarehe imeshatuelekeza: hizo ni ndege za kitambaa cha kitani kilichokazwa kwa vanishi, chenye rangi yake ya asili, si za PC10. Ndege iliyoletwa baadaye kujaza pengo ni habari nyingine, na lazima uiulize tarehe yake yenyewe.

PC10 nayo inastahili maneno machache, maana watu wameigombania miaka mingi: kijani au kahawia? Ilitengenezwa kwa udongo wa njano na masizi ya taa. Fanya jaribio hili nyumbani. Saga udongo wa njano mpaka uwe unga, tia masizi ya koroboi kidogo kidogo ndani ya mafuta, koroga. Utashangaa: njano na nyeusi zinakupa kijani ya zeituni, na hujaweka tone la kijani. Ongeza masizi, inakwenda kwenye chokoleti. Badilisha udongo, inabadilika tena. Na vanishi inapozeeka juani mchanganyiko wote unaelea kwenye ukahawia. Aliyesema kijani aliona kweli, na aliyesema kahawia aliona kweli. Waliiona siku tofauti.

Alama nazo zina miaka yake. Ndege za jeshi la nchi kavu zilibeba duara la buluu nje, nyeupe, na nyekundu katikati. Zile za jeshi la majini, ambazo pia zilikuwapo Afrika Mashariki, mwanzoni mwa vita zilikuwa na pete nyekundu yenye weupe ndani. Kwenye othokromatiki la kwanza linaonekana na kitovu cheusi na pembeni pamefifia, la pili lina pete nyeusi na katikati peupe. Hivyo picha mbovu kabisa, isiyosomeka namba, bado inaweza kukuambia ndege ilikuwa ya nani. Kwenye usukani wa mkia, mistari ya wakati ule ilianza na buluu mbele. Mwaka 1930 wakaigeuza, nyekundu ikaja mbele. Nimeona modeli nzuri sana za Vita Kuu ya Kwanza zenye mkia wa miaka ya thelathini, na inauma, kwa sababu mikono iliyofanya ile kazi ilistahili habari sahihi.

Herufi huhama, namba hubaki

Ukiona herufi kubwa ubavuni mwa ndege ya Uingereza ya Vita ya Pili, mbili ni za kikosi na moja ni ya ndege ndani ya kikosi. Ndege ikihamishwa, herufi zinafutwa. Ni kama vifodi vyetu: mwaka huu gari lina mstari wa njia ya Njiro, mwaka ujao tajiri ameliuza na linapiga njia nyingine kwa mstari mwingine, lakini namba ya usajili ni ile ile. Basi tafuta namba ndogo karibu na mkia. Hiyo ndiyo inayofungua madaftari ya kiwanda, ya kikosi na ya ajali. Stika za kwenye boksi mara nyingine huchanganya herufi za mwezi mmoja na namba ya ndege nyingine, hivyo usizilowanishe kwenye maji kabla hujazikagua.

Mabadiliko ya alama ni saa ya ukutani kwa anayejua kuisoma. Mei 1942 Marekani waliondoa kitone chekundu katikati ya nyota yao, kwa sababu kwenye purukushani ya Pasifiki kilifanana na jua la Japani. Juni 1943 wakaongeza mabawa mawili meupe pembeni ya nyota na kuzungushia mstari mwekundu, na Agosti mwaka huo huo mstari ukabadilishwa kuwa buluu. Picha yenye mstari mwekundu, basi, si ya kabla ya Juni 1943, japo ndege iliyokaa mbali na stoo ingeweza kuubeba hata baada ya Agosti. Bendera zetu zinafanya kazi hiyo hiyo: ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa kijani, dhahabu na nyeusi, na ile yenye buluu na mstari wa mshazari ni ya Juni 1964 na kuendelea.

Jua, mabaki na wazee

Turudi kwenye mlango wa Land Cruiser. Rangi ya ndege ikipigwa jua hupauka na kutoa unga, lakini haipauki sawasawa. Kijani iliyokolea ya ndege za Marekani ilionekana tofauti kwenye usukani wa kitambaa na kwenye bati la bawa, ingawa zote zilipakwa rangi ya jina moja. Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, ilikuwa na kitambaa nyuma ya rubani na bati mbele, hivyo nayo ilizeeka kwa namna mbili. Ndiyo maana kipande cha ndege kilichofukuliwa kinapaswa kutazamwa upande uliokuwa umefichwa, chini ya kiungo au nyuma ya kifuniko, ambako jua halikufika. Ndege ya makumbusho ni shahidi dhaifu kuliko tunavyopenda kuamini. Nyingi zimepakwa upya mara kadhaa, na anayepaka wa mwisho alisoma vitabu vile vile unavyosoma wewe.

Kumbukumbu za watu nazo zina namna yake ya kuulizwa. Niliongea na mzee mmoja wa Kiboriloni aliyekuwa Mwanza wakati wa Vita vya Kagera. Alisema ndege zilizopita juu zilikuwa nyeusi. Namwamini alichoona: ndege yoyote ukiitazama kutoka chini, mbingu ikiwa nyeupe nyuma yake, ni kivuli. Nikamwuliza, "Babu, zilipokata kona, zilimulika?" Akasema zilimulika kama kioo cha dirishani. Hilo swali la pili ndilo lililozaa kitu, kwa sababu mmuliko huo unaelekeza kwenye bati tupu au rangi inayong'aa, na unaweka mbali rangi nzito isiyong'aa. Muulize mtu mng'ao, ukubwa, mahali alama ilipokuwa. Jina la rangi liache mwisho.

Kwa ndege za jeshi letu la leo nina neno moja: sheria inakataza kupiga picha maeneo ya jeshi, na modeli haina thamani ya kukufikisha kituoni. Gwaride za kitaifa zimepigwa picha rasmi na kuchapishwa magazetini. Anzia hapo, na kumbuka kwamba picha za rangi za miaka ya sabini zilizochapwa kwenye karatasi mara nyingi zimegeuka wekundu, kwa sababu wino wa buluu-kijani ndio uliokufa kwanza. Ukiona hata majani ya miti yana ukahawia, usiiamini rangi ya ndege.

Mezani

Modeli ya kipimo cha 1/72 ukiitazama kutoka sentimita 30 ni sawa na kuitazama ndege halisi kutoka mita 21 na nusu hivi. Kwa umbali huo hewa na mwanga hupunguza makali ya rangi, kwa hiyo rangi ya kopo halisi ikipakwa bila kuguswa inaonekana nzito mno. Wengine wana kanuni za asilimia ngapi ya nyeupe. Mimi natia tone, napaka kwenye kipande cha plastiki, natazama, naongeza. Nyekundu usiitie nyeupe, itakuwa waridi. Itie chungwa kidogo.

Usilinganishe rangi kwenye simu, wala chini ya taa ya ndani. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya balbu na kuachana mara tu ukitoka nje. Toka barazani, kaa kwenye kivuli kilicho wazi, asubuhi. Kwa kuandika rangi bila kutegemea kadi za kiwanda, kuna kitabu cha Munsell ambacho wataalamu wa udongo hukitumia shambani. Kinaipa kila rangi aina yake, mwanga wake na ukali wake. Kama una ndugu aliyesomea kilimo, muulize. Na thina ya magari ya dukani isiguse plastiki yako, itaiyeyusha.

Mpwa wangu wa Majengo, Moshi, anaunda BE2c sasa. Mabawa yake kwenye 1/72 hayafiki sentimita 16. Alikuja na vichupa vitatu vya rangi ya krimu, akauliza, "Mjomba, ipi?" Sikumjibu kwa kichupa. Tulikata kipande cha kitani kutoka kwenye shati kuukuu la marehemu baba yangu, tukakikaza kwenye fremu ya mti, tukakipaka vanishi isiyo na rangi mara tatu na kukitundika barazani. Siku ya kwanza kilikuwa cheupe-cheupe kama uji wa mchele. Baada ya wiki tatu za jua la Januari kimeanza kuwa na umanjano wa uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi, na mahali vumbi lilipokaa kwenye mishono kuna wekundu kidogo. Kichupa cha pili kinakaribia. Ameongeza tone la njano, na kesho saa nne tutatoka nje tena kulinganisha.